Jahazi Lisilobaki na Ubao wa Jana

Mwezi Aprili 2024, timu ya mpira wa kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Kentucky ilibakiwa na jezi, uwanja na jina. John Calipari, aliyeifundisha kwa miaka 15 na kuipa ubingwa wa taifa mwaka 2012, alikuwa amehamia Arkansas. Vijana wake nao wakatawanyika: wapo waliokwenda kutafuta nafasi NBA, wapo waliohamia vyuo vingine, na watatu wakamfuata kocha wao huko huko Arkansas. Mark Pope alipokabidhiwa kazi hakubakiwa na hata mchezaji mmoja wa msimu uliopita aliyekuwa akisoma kwa ufadhili wa michezo. Ikabidi akusanye kikosi huku na huku: Lamont Butler kutoka San Diego State, Otega Oweh kutoka Oklahoma, Jaxson Robinson kutoka BYU, Andrew Carr kutoka Wake Forest, Koby Brea kutoka Dayton, Amari Williams kutoka Drexel. Kundi hilo la watu waliotoka kila pembe lilishinda michezo 24 na kupoteza 12. Liliifunga Duke, likaifunga Florida 106 kwa 100, Florida ile ile iliyokuja kutwaa ubingwa wa taifa, na likafika kumi na sita bora ya mashindano ya taifa kabla ya kutolewa na Tennessee. Mwaka uliotangulia Kentucky ilikuwa imeaga mashindano hayo kwenye mchezo wake wa kwanza, mbele ya Oakland. Basi ikasemwa kwamba Kentucky imepanda. Lakini ukisema kitu kimepanda au kimeshuka, umeshadai kwamba ni kitu kile kile, cha jana na cha leo. Kilichopanda hapa ni nini, ikiwa aliyekuwa uwanjani jana leo hayupo, na aliyepo leo jana hakuwepo?

Swali hili haliwahusu wanafalsafa peke yao. Kila mwaka kabla ya Novemba, msimu unapokaribia kuanza, wachambuzi wa Marekani hupitia vikosi chuo kimoja baada ya kingine: nani kahama, nani kasajiliwa, timu ipi itaongoza ligi yake. Zamani walihesabu waliobaki na kuongeza wageni wawili watatu. Tangu mwaka 2021 hesabu imegeuka. Kabla ya hapo, kwa kawaida, mchezaji aliyehama alilazimika kukaa nje msimu mzima. Mwaka ule akaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo, na mwaka 2024, baada ya amri ya mahakama, akaruhusiwa kuhama mara nyingi apendavyo. Julai 2021 wanafunzi wakapata pia haki ya kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao. Mwaka 2025 zaidi ya wachezaji 2,000 wa daraja la kwanza la wanaume waliandikisha majina yao kuwa wanataka kuhama. Ukijua kwamba daraja hilo lina timu 360 na ushei, utaona kwamba swali la timu ni nini limetoka darasani na kukaa katikati ya uwanja.

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wangelielewa haraka. Jahazi hutiwa ubao mpya pale ule wa zamani unapooza, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja hakuna hata ubao mmoja wa asili, na wenyewe bado wanaliita kwa jina lile lile na kudai nauli zake. Plutarch aliandika kwamba Waathene waliihifadhi meli ya Theseus namna hiyo, na wanafalsafa wao wakagawanyika. Karne nyingi baadaye, mwaka 1655, Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza fundo: tuseme kuna mtu aliyekuwa akiziokota mbao kuukuu zilizotolewa, akazipanga upya kwa mpangilio ule ule, akaunda meli ya pili. Ipi basi ni ya Theseus? Tarehe 1 Februari 2025 kitendawili hicho kilichezwa mbele ya macho ya watu huko Lexington, nyumbani kwa Kentucky. Arkansas ya Calipari, ikiwa na DJ Wagner, Adou Thiero na Zvonimir Ivišić waliovaa jezi ya Kentucky mwaka mmoja kabla, iliingia uwanja wa Rupp na kuifunga Kentucky 89 kwa 79. Ukipima kwa mbao, Kentucky ya mwaka 2024 ilikuwa zaidi upande wa wageni kuliko upande wa wenyeji, kwa maana wenyeji hawakuwa na ubao wowote. Hata hivyo hakuna aliyechanganyikiwa. Umati ulimzomea kocha waliyempenda miaka 15, ukawashangilia vijana ambao ulikuwa umewafahamu kwa miezi michache tu. Mtu anaweza kuuita ule ushabiki wa kipofu. Mimi nauona kama ushahidi: watu wengi kwa pamoja walijua jambo ambalo fumbo la Hobbes halikulitaja.

Ushahidi wa pili unatoka upande wa pili kabisa. Mwaka 2022 North Carolina ilifika fainali, ikaongoza kwa alama 15 wakati wa mapumziko, kisha ikafungwa na Kansas 72 kwa 69. Msimu uliofuata wanne kati ya watano walioanza fainali ile walirudi, na aliyeondoka akajazwa na mchezaji mzoefu kutoka Northwestern. Wapigakura wa Associated Press wakaiweka ya kwanza nchini kabla ya msimu kuanza. Ikamaliza na ushindi 20 na vipigo 13, wala haikuitwa kwenye mashindano ya taifa. Tangu mashindano hayo yapanuliwe kuwa ya timu 64 mwaka 1985, hakuna timu iliyoanza ya kwanza ikakosa kuitwa kabla ya hiyo. Mbao zilikuwa zile zile, na jahazi halikuelea. Anayeamini kwamba timu ni jumla ya watu wake, na kwamba kuwabakiza watu ni kuibakiza timu, ana kazi ya kuueleza mwaka ule. Waliobaki walikuwa miili na vipaji; kilichowafikisha fainali kilikuwa kimeshaondoka, wala hakikuonekana kwenye orodha ya waliohama.

Basi pengine timu ni jina, au ni kampuni yenye cheti. Jibu hili lina nguvu, na wanasheria wanalipenda. Ila ligi za vyuo, ambazo Wamarekani huziita konferensi, zimelijaribu mara mbili na mara zote mbili limevunjika. Big East ilianzishwa mwaka 1979, na ndiyo ligi ambayo Hasheem Thabeet wa Tanzania, akiichezea Connecticut, aligawana tuzo ya mchezaji bora mwaka 2009. Mwaka 2013 vyuo saba vya Kikatoliki vilijitoa. Kisheria, mwili wa ligi ya zamani ulibaki na waliobaki, Connecticut akiwamo, ukapewa jina jipya la American Athletic. Waliojitoa walichukua jina na mashindano yao ya Madison Square Garden. Uliza leo mtu yeyote anayefuatilia mchezo huu ligi ya mwaka 1979 iko wapi, atakuonyesha waliotoka, hatakuonyesha mwenye cheti. Connecticut yenyewe ilirudi kwao mwaka 2020. Kwa hiyo cheti hakitoshi. Je, jina linatosha? Itazame Pac-12, ligi ya pwani ya Pasifiki inayohesabu mwanzo wake mwaka 1915. Mwaka 2024 vyuo kumi kati ya kumi na viwili vilihama kufuata fedha za televisheni. Stanford na California, wanaotazama Pasifiki, wakaingia ligi yenye jina la pwani ya Atlantiki. Jina la Pac-12 lilibaki, ofisi ikabaki, fedha nazo hazikuisha. Oregon State na Washington State, waliobaki wawili, ikawabidi wacheze kikapu kama wageni katika ligi nyingine. Watu walizungumza kama wafiwa, na hawakukosea. Jirani aliyekuja kwako kila Januari na ukaenda kwake kila Februari kwa miaka mia hayupo tena, na ile ahadi ya kwenda na kurudi ndiyo iliyokuwa ligi.

Tunaona basi kitu ambacho si watu, maana Kentucky iliwapoteza wote ikabaki; si cheti, maana Big East ilikiacha ikaendelea; si jina, maana Pac-12 ililishika likawa tupu. Kwa maoni yangu kilichobaki ni amana. Timu huendelea kuwa ile ile pale mtu anapopokea kitu kilichowekwa mikononi mwake na waliomtangulia, akakubali kukijibia mbele ya watu wanaomngoja, akijua kwamba si mali yake na kwamba atakikabidhi. Ukitaka neno la karibu zaidi, fikiria wakfu: shamba la minazi lililotolewa zamani kwa ajili ya msikiti, ambalo hakuna anayelimiliki, msimamizi hufa akaja mwingine, wakwezi hubadilika, minazi yenyewe huzeeka ikapandwa mingine, na bado ni wakfu ule ule kwa sababu bado kuna wanaostahili matunda yake na bado kuna mtu anayeulizwa. Siku asipokuwepo wa kuulizwa, minazi inaweza kusimama vile vile na wakfu usiwepo. Kentucky ilibaki Kentucky kwa sababu jimbo zima lilikuwa likingoja kujibiwa na kuna waliokubali kujibu. Hapo ndipo nauona ufa wa North Carolina ya mwaka 2023 pia. Sina haki ya kuingia mioyoni mwa vijana wale, ila naona jinsi ilivyo rahisi kwa aliyefika fainali mwaka jana kudhani kwamba amana imekuwa yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii husomwa kama onyo kwa wageni wavivu, nami naisoma pia kama nadharia ya uraia: mtu huacha kuwa mgeni anaposhika kazi ya nyumba. Mark Pope anaithibitisha kuliko mtu mwingine yeyote katika habari hii. Hakuzaliwa Kentucky, wala hakuanza chuo huko. Alicheza misimu miwili Chuo Kikuu cha Washington, akahamia Kentucky, akakaa nje msimu mmoja kama sheria ya wakati ule ilivyotaka, na mwaka 1996 akawa nahodha wa kikosi kilichotwaa ubingwa wa taifa. Aliyerudi mwaka 2024 kuiokoa nyumba alikuwa mwenyewe amewahi kupiga hodi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Uwanja wa Rupp ulifurika siku ya kumtambulisha, na hakuna aliyemuuliza alianzia wapi. Kabla ya kurudi kwake alikuwepo Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha ya mitaani. Alitoka West Virginia, akawa mchezaji bora wa taifa mwaka 2022 akiwa na wastani wa ribaundi zaidi ya 15 kwa mchezo, wakati viza yake ya mwanafunzi ikimzuia kupata ndani ya Marekani mapato ya jina lake ambayo wenzake waliyapata. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, kueleza kwamba aliyefariki huendelea kuwa ndani ya Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Wanaotundika jezi za wachezaji wa kale darini mwa viwanja hawajamsoma Mbiti, lakini wanafanya jambo lile lile: wanawazuia wa zamani wasizame, ili anayeingia leo aone ni nani walioishika amana kabla yake.

Kuna pingamizi moja zito kuliko mengine, na anayelipuuza hastahili kusikilizwa. Litasema: lugha hii ya deni na amana ndiyo iliyotumika kuwanyonya vijana. Kwa miongo mingi waliambiwa wachezee heshima ya jezi wakati vyuo, televisheni na makocha wakigawana mamilioni. Ed O'Bannon, bingwa wa mwaka 1995 na UCLA, alifungua kesi mwaka 2009 baada ya kuona sura yake ikiuzwa ndani ya mchezo wa video. Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, katika kesi ya Alston iliyohusu mafao ya wachezaji. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha suluhu inayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Hayo yote ni haki iliyochelewa. Kocha alikuwa akihama atakapo na mshahara wake ukipanda, na kijana wa miaka 19 akihama aliadhibiwa msimu mzima. Anayeutamani mfumo ule akidhani anautetea uaminifu, anatetea uaminifu wa upande mmoja. Nakubali yote hayo bila masharti.

Nisichokubali ni kwamba yanaivunja hoja ya amana. Mafakihi huiweka wadia, yaani kitu ulichokabidhiwa ukihifadhi, miongoni mwa mikataba isiyofunga: aliyeweka anaweza kukidai wakati wowote, na aliyepokea anaweza kukirudisha wakati wowote. Wanaongeza kwamba kikipotea bila uzembe wala uvunjaji wa aliyekishika, hadaiwi fidia. Kanuni hizo mbili zinatenganisha mambo ambayo mashabiki huyachanganya kila mwaka. Mchezaji anayehama msimu ukiisha hajasaliti. Amerudisha amana, na kuirudisha ni haki yake hata kama inatuuma. Mchezaji aliyekosa mtupo wa mwisho naye hana deni, kwa sababu alishika kwa uangalifu na kikamponyoka, na wanaomwandikia matusi kwa sababu wamepoteza dau lao wanamdhulumu mtu asiyedaiwa. Anayelaumika ni yule anayeivunja ikiwa bado mikononi mwake. Hapo lawama huwafikia viongozi mapema kuliko vijana. Machi 2025 daftari la uhamisho lilifunguliwa siku moja baada ya kupatikana kwa timu kumi na sita bora, zikiwa bado zina michezo ya kucheza. Kumtaka kijana achague kati ya wenzake walio katikati ya safari na nafasi zinazojazwa saa hiyo hiyo kwingine ni kumwekea mtego. Na anayeviondoa vyuo kumi kwenye ligi ya miaka mia kwa ajili ya mkataba wa televisheni, bila kuwauliza wanariadha watakaovuka bara zima kwa ndege siku za masomo, hana mdomo wa kumfundisha mchezaji uaminifu.

Wengine watasema kwamba haya ni maneno matamu, na kwamba kinachoshinda ni kipaji na fedha. Kipaji kinahitajika, nani atakataa, na Kentucky haikukusanya wale wageni kwa sala peke yake. Lakini kama jumla ya vipaji ingetosha, utabiri ungekuwa kazi rahisi, na haukuwa rahisi hata kidogo. Kansas ilianza msimu wa 2024-25 ikiwa ya kwanza nchini na ikatolewa na Arkansas kwenye mchezo wake wa kwanza wa mashindano ya taifa. Arkansas hiyo ilikuwa imepoteza michezo yake mitano ya mwanzo ndani ya ligi, ikaonekana imekwisha, kisha ikafika kumi na sita bora. Orodha ya majina hukwambia kimo na wastani wa alama. Haikwambii nani, aliyekuwa nyota alikotoka, atakubali kuanza benchi. Wala nani atakimbia kurudi kuzuia mwezi Februari baada ya vipigo vitano mfululizo. Anayepima kikosi bila kuuliza hayo anapima mbao akidhani anapima jahazi. Ndiyo maana sioni kosa kwa mchambuzi anayetaka kujua ni wangapi waliorudi, ila nadhani anauliza nusu ya swali. Kurudi kuna maana pale anayerudi anapoweza kumwonyesha mgeni jembe liko wapi. Nahodha mmoja anayejua hilo anaweza kutosha, na kama hakuna mchezaji, basi kocha. Kentucky ilikuwa na Pope, pamoja na vijana wawili wa jimbo lenyewe, Travis Perry na Trent Noah, ambao hawakuhitaji kufundishwa maana ya jezi ile. Pengine ndiyo maana ile timu ya wageni, katika ligi iliyopeleka timu 14 kati ya 16 kwenye mashindano ya taifa, haikuwahi kusambaratika hata ilipoandamwa na majeruhi.

Kanuni yangu basi, ninapoitazama ligi hiyo msimu hadi msimu, ni kuwatafuta wanaoshika. Otega Oweh alifika mwaka 2024 akitoka Oklahoma, na msimu ule ule aliifunga Oklahoma kikapu cha ushindi mara mbili katika sekunde za mwisho, mara ya kwanza kwao Norman na mara ya pili kwenye mashindano ya ligi. Ulipoisha msimu akalipeleka jina lake kwenye usajili wa NBA, akaliondoa, akarudi Lexington. Majira hayo hayo Travis Perry, mzaliwa wa Kentucky na mfungaji bora wa wakati wote katika shule za sekondari za wavulana za jimbo hilo, alihamia Ole Miss. Hakuna aliyemkosea mwenzake: Perry alirudisha amana aliyokuwa ameishika vyema, na Oweh, mtoto wa New Jersey, akaipokea kwa mwaka wa pili. Walipokuja wageni wapya kiangazi cha 2025, aliyekuwa mgeni mwaka mmoja uliopita ndiye aliyewafungulia mlango.